Joka la Kraków na fundi viatu aliyechelewa kufika

Paukwa! ... Haya asanteni, naona mko macho. Mpolandi yeye hana paukwa, anaanza na "nyuma ya milima saba, nyuma ya misitu saba", yaani mbali huko, usije ukanidai ushahidi.

Na kabla hamjaniuliza Poland inatuhusu nini, nendeni Tengeru pale Arusha mkaone makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, walianza kuingia 1942 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu, wengi kina mama na watoto, wametokea kwenye baridi ya Urusi wakapitia Uajemi mpaka wakaja kulala chini ya Mlima Meru. Kwa hiyo sio wageni wetu kihivyo.

Ok tuje kwenye joka. Kraków, mji wa huko Poland, kuna kilima kinaitwa Wawel, juu yake ngome ya wafalme, chini yake pango, na mto Vistula unapita hapo hapo. Pangoni linakaa joka, linataka ng'ombe, lisipopewa linakula watu. Mfalme Krak kachoka, mashujaa wenye mapanga wanaenda hawarudi, mwisho anajitokeza kijana fundi viatu, Skuba, anachukua ngozi ya kondoo anaijaza salfa (unga unaoshika moto) anaishona vizuri (si fundi bwana, kushona ndo kazi yake) anaiweka mlangoni. Joka likameza, tumbo likawaka, likakimbilia mtoni likanywa, likanywa, likanywa mpaka likapasuka. Hii ndo kila mtoto wa Poland anaijua.

Sasa hapa ndo pananoga, maana huyo fundi viatu mwanzoni hakuwepo kabisa! Aliyeiandika mapema ni askofu wa Kraków, Wincenty Kadłubek, karibu na mwaka 1200, na kwake ujanja wa salfa ni wa watoto wawili wa mfalme. Wakaliua joka, halafu mdogo akamuua kaka yake ili arithi kiti, akarudi nyumbani analia eti joka ndo limemuua. Ikaja kujulikana, akafukuzwa nchini, na utawala ukaenda kwa dada yao Wanda. Mnaona? Ile ilikuwa stori ya ikulu, ya kugombea urithi, joka kisingizio tu. Fundi viatu anaingia kwenye vitabu karne ya 16, karibu miaka 400 baadaye, na akishaingia wale ndugu wawili wanasahaulika taratibu. Mimi nawaelewa watu wa Kraków, mji wa mafundi na wafanyabiashara, wampe sifa mtoto wa mfalme muuaji wakati mtaani wana mshona viatu mwenye akili?

Wafalme kwenye hadithi za kule wana hali mbaya jamani, kuna mwingine Popiel, katili, kaliwa na panya mnarani huko Kruszwica, basi.

Kuna na tarumbeta. Kila saa, mchana na usiku, mpigaji anapuliza toka mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria hapo Kraków, pande 4, na wimbo unakatika ghafla katikati. Utaambiwa mwaka 1241 Watatari (jeshi la Wamongolia) walipovamia, mlinzi alichomwa mshale kooni akiwa anapuliza. Uvamizi ni kweli, ila kanisa lililopo sasa limejengwa baada ya hapo, na hiyo stori ya mshale ilisambaa sana kupitia kitabu cha watoto cha Mmarekani mmoja, cha 1928. Mgeni kaleta, wenyeji wakaipenda, ikawa yao.

Mkienda, joka lipo, sanamu ya shaba nyeusi chini ya kilima inatema moto wa gesi, watoto wanapiga kelele. Lakini msiishie hapo, pandeni mpaka kanisa kuu la Wawel, mlangoni yananing'inia mamifupa makubwa kwenye minyororo. Wanasayansi wanasema ni ya nyangumi, mamothi (ndugu wa tembo wa kale) na kifaru wa kale mwenye manyoya, wenyeji wanasema ni ya joka, na siku yakianguka ndo kiyama. Kwa hiyo piteni chini yake harakaharaka.