Sinia, Ndoo ya Maji na Tan Dun

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia Tan Dun, mtunzi wa muziki wa filamu kutoka China, na nimewaandalia vijana wanaotunga mambo matatu ya kujifunza kwake. Ila Salim kaingia studio na ndoo.

SALIM: Shikamoo dada. Ndoo na sinia.

REHEMA: Marahaba. Vya nini?

SALIM: Jumamosi nilikuwa harusini Tanga. Katikati ya shughuli umeme ukakatika, spika kimya. Watu wanahangaika na jenereta, shangazi yake bwana harusi kachukua sinia la pilau, analipiga kwa mwiko. Mwingine kapindua ndoo. Vigelegele vikaanza upya! Umeme uliporudi, hakuna aliyetaka muziki wa spika.

REHEMA: Ukamkumbuka Tan Dun.

SALIM: Ningemkumbuka nani mwingine? Kazaliwa 1957, kakulia kijijini, jimbo la Hunan, China, anamtazama mganga anavyoendesha matambiko kwa mawe na maji. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, vyuo vikafungwa, akapelekwa kulima mpunga. Akawakusanya wanakijiji, wakapiga walichokuwa nacho, hadi masufuria. Harusi wanapiga, msiba wanapiga.

REHEMA: Usiruke ile ajali. Boti ilizama na wanamuziki wa kundi la opera ya Beijing, ule mchezo wa jukwaani wa kuimba, wengine wakafa maji. Likabaki pengo, akaitwa yeye kutoka shambani. Ndiyo njia aliyotokea. Mwaka 1978 akaingia chuo kikuu cha muziki Beijing, miaka ya kwanza kabisa baada ya vyuo kufunguliwa tena. Mwaka 1986 akaenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia. Hilo ndilo jambo langu la kwanza, kwamba...

SALIM: Subiri, sikiliza hii. Napiga sinia. Sasa naliteremsha majini taratibu huku linalia. Umesikia?

REHEMA: Limeshuka sauti. Kama mtu anaguna.

SALIM: Chuma kikiingia majini kinakuwa kizito, sauti inashuka. Tan Dun anafanya hivyo hivyo kwa gong, yaani upatu mkubwa. Ana utunzi mzima wa maji. Okestra ya New York Philharmonic waliupiga 1999, mabeseni makubwa yanayopitisha mwanga yamewekwa mbele ya okestra, mpigaji anachota maji kwa viganja, anayamwaga, anapindua mabakuli yanaelea na kuyapiga kama ngoma.

REHEMA: Fundi mitambo anakutolea macho. Sogeza ndoo, waya wa maikrofoni uko hapo.

SALIM: Kidogo tu. Bakuli hili la plastiki, sikia likielea... hilo besi.

REHEMA: Besi nzuri, sikatai. Lakini twende kwenye filamu. Mwaka 2001 alipata Oscar kwa muziki wa Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwongozaji Ang Lee. Kuna pale usiku, upanga umeibwa, mwigizaji Michelle Yeoh anamfukuza mwizi juu ya mapaa. Hakuna fidla, hakuna wimbo. Ngoma tupu, na inakimbia kuliko miguu yao. Ukizima picha bado unajua nani anakimbia na nani yuko karibu kumshika.

SALIM: Hiyo ndiyo Hunan! Hapo nampa mia kwa mia. Ugomvi wangu uko kwenye wimbo mkuu. Kwa nini sello, ile fidla kubwa ya kupiga umekaa, tena ya Yo-Yo Ma? China wana erhu, nyuzi mbili, upinde unapita katikati ya nyuzi, inalia kama binadamu. Kaiweka pembeni, kaipa sello kiti cha mbele ili wasikilizaji wa Marekani wasishtuke.

REHEMA: Erhu imo, wanaitikiana na sello. Na hebu isikilize hiyo sello inavyoteleza kutoka noti hadi noti. Inapigwa kwa lafudhi ya erhu. Mpigaji mwenyewe ni mtoto wa Wachina, kazaliwa Paris. Unamwambia arudi wapi?

SALIM: Sizungumzii mpigaji. Nazungumzia nani kapewa kubeba hadithi.

REHEMA: Taarab ya Unguja inabebwa na fidla. Nani anakwenda kumwambia bibi wa Mji Mkongwe kwamba fidla si yake?

SALIM: Fidla ya taarab ilikaa kando ya udi na ganuni vizazi na vizazi, watu wakaizoea wenyewe, kwa furaha zao. Ile ni filamu ya kuuzwa dunia nzima. Na Hero, filamu nyingine aliyoitungia muziki, 2002, nani kapewa fidla? Itzhak Perlman, nyota wa fidla wa Marekani. Unaona mtindo?

REHEMA: Naona mtu anayechagua mikono bora anayoweza kuipata. Hero hiyo hiyo ina ngoma za kundi la Kodo kutoka Japani, mbona hizo huzilalamikii?

SALIM: Ngoma ni ngoma.

REHEMA: Aa, hapo hujanijibu, mdogo wangu.

SALIM: Na wewe hujanijibu. Erhu ingebeba filamu ile peke yake, naamini hivyo.

REHEMA: Nami naamini ingekuwa filamu nyingine, na wimbo ule usingeniumiza kifua namna ile. Siondoki hapo.

SALIM: Sisogei.

REHEMA: Fundi ananionyesha dakika mbili. Salim, mambo yangu matatu!

SALIM: Sema la kwanza.

REHEMA: Hata la kwanza halitoshi dakika mbili. Sijagusa opera aliyoipeleka jumba la Metropolitan, New York, 2006 akaimba nyota wa opera Plácido Domingo, sijagusa kengele za kale alizozitumia Hong Kong 1997. Acha. Wasikilizaji, tafuteni ile sehemu ya mapaani, vaeni spika za masikioni, kisha sikilizeni sello. Mtuandikie.

SALIM: Mkianza na erhu, mtakuja upande wangu.

REHEMA: Salim, maji yanafika kwenye waya!

SALIM: Natoa, natoa. Kwaherini jamani.