Nini Kiingie Kwenye Kontena, Nini Kibaki Nje

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii tunafunga msaidizi wa akili mnemba wa kuandika msimbo kwenye kompyuta zetu wenyewe, ili kazi ya mteja isipelekwe kwenye seva za watu. Tutatumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani chumba kilichotengwa na mashine yako, na ndani yake Ollama, programu inayoshusha modeli, ule ubongo wa msaidizi, na kuiendesha. Amri yenyewe ni mstari mmoja, sitakaa hapo. Tukae kwenye swali la nini kiingie kwenye kontena na nini kibaki nje.

Modeli kwanza. Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 7, yaani namba ilizojifunza, iliyobanwa kwa biti 4 ili ipungue ukubwa, ina karibu gigabaiti 4.7. Ukifuta kontena, kilichoandikwa ndani yake kinakwenda nalo, na kwa anayenunua bando hiyo ni pesa imeteketea. Basi unganisheni voliyumu, hifadhi ya Docker inayobaki nje ya kontena, na folda ya /root/.ollama. Hata ukiweka toleo jipya la Ollama, modeli utaikuta palepale.

Poti nayo, yaani mlango wa programu kwenye mtandao. Ollama husikiliza kwenye 11434 na haiulizi nywila. Mkiandika -p 11434:11434, Docker inaifungulia mtandao mzima, na kwenye Linux inaipita hata ufw, ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao. Naona mnatazamana! Ndiyo, inaipita. Andikeni -p 127.0.0.1:11434:11434, mlango ufunguke kwa mashine yako tu.

Sasa wapo wasaidizi wasioishia kushauri: wanasoma mafaili, wanayabadilisha, wanaendesha amri. Huyo ndiye hasa wa kufungiwa. Mpe folda ya mradi mmoja tu. Ukimpa folda yako yote ya nyumbani, umemkabidhi na funguo za SSH, zile za kuingilia seva. Na docker.sock, faili la kuiamrisha Docker, usimpe kabisa, kwa sababu aliye nayo anaweza kuanzisha kontena jingine lenye mamlaka yote juu ya mashine. Hapo ukuta umebaki pambo.

Wenye kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA, wekeni NVIDIA Container Toolkit, inayoifikisha kadi ndani ya kontena, kisha ongezeni --gpus all kwenye amri. Wenye Mac poleni: Docker Desktop haiifikishi GPU ya Apple ndani ya kontena. Ollama yenu iendeshwe nje, msaidizi abaki ndani, aifuate kwa host.docker.internal, jina la mashine yako ukiwa ndani ya kontena.

Haya, fungueni mashine. Modeli ashushe mmoja kwa kila meza, wengine mnakili kwa flashi. Ila flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT. FAT32 haipokei faili la ukubwa huo.