Jenerali wa Fimbo ya Mamba

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia Jenerali Aguiyi-Ironsi, aliyeitawala Nigeria mwaka 1966, lakini kabla sijafika Nigeria nianzie hapa hapa nyumbani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Jambo hilo lilimuuma, na hakutaka askari wa mkoloni wa jana waendelee kulinda nchi huru. Waliokuja kupokea zamu walikuwa Wanigeria, batalioni ya 3, chini ya Luteni Kanali James Pam. Walikaa nasi miezi kadhaa, kisha wakarudi kwao.

Usiku wa kuamkia 15 Januari 1966, Pam alitolewa nyumbani kwake Lagos na maofisa wenzake, akapigwa risasi.

Nimemtanguliza Pam kwa makusudi. Meja Jenerali Johnson Aguiyi-Ironsi, ambaye ndiye mada ya mhadhara wetu wa leo, aliuawa miezi 6 baadaye kwa sababu ya damu ya watu kama Pam. Si yeye aliyeimwaga. Lakini alikuwa na mamlaka ya kuwafikisha wauaji mahakamani, na siku zikapita bila kesi kusikilizwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo kifo chake kilipoanzia.

Alizaliwa mwaka 1924, Umuahia, katika nchi ya Waigbo. Akaingia jeshini 1942 akiwa kijana wa miaka 18, askari wa kawaida asiye na cheo. Alipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akapelekwa Uingereza kwa mafunzo, na mwaka 1949 akawa ofisa. Malkia Elizabeth alipoitembelea Nigeria mwaka 1956, Ironsi alikuwa mmoja wa wapambe wake. Mwaka 1965 jenerali Mwingereza aliyekuwa akiongoza jeshi la Nigeria aliondoka, na Ironsi akawa Mnigeria wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka 23, kutoka kubeba bunduki hadi kuamrisha jeshi zima.

Sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi iko karibu na sisi, Bukavu, kwenye mji unaozungumza Kiswahili kando ya Ziwa Kivu. Desemba 1960 Umoja wa Mataifa ulikuwa umepeleka huko madaktari na wauguzi kutoka Austria. Askari wa Kongo waliwaona Wazungu hao wakadhani ni Wabelgiji waliokuja kwa hila, wakawaweka ndani. Ironsi ndiye aliyekuwa kamanda wa batalioni ya Nigeria. Kwanza walijaribu mazungumzo. Maneno yaliposhindikana, Wanigeria wakawatoa wale waganga kwa nguvu, na Austria ikamtunuku Ironsi nishani. Mwaka 1964 alirudi Kongo akiwa kamanda wa majeshi yote ya Umoja wa Mataifa, hadi yalipofunga virago mwishoni mwa Juni.

Huko Kongo ndiko fimbo yake ilikopata sifa. Alikuwa akitembea na fimbo yenye umbo la mamba. Kwa Kiigbo *agu* ni chui na *iyi* ni kijito, na chui wa kijito ndiye mamba. Kwa hiyo jina la ukoo wake lilikuwa mkononi mwake. Askari wakaanza kusema kwamba fimbo ile inazuia risasi. Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za Kinjikitile na maji yake hapaswi kushangaa. Mtu anayesogea mbele wakati wenzake wanainama hutafutiwa sababu, na sababu iliyopatikana ilikuwa ile fimbo.

Sasa turudi Januari 1966. Kikundi cha maofisa vijana, wakiwemo Meja Nzeogwu na Meja Ifeajuna, walimuua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, Waziri Kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello, mwenzake wa Magharibi Samuel Akintola, na maofisa wakubwa kadhaa wa jeshi. Ironsi aliponea. Alikwenda kambini Ikeja, akakusanya askari waliokuwa bado watiifu, na mpango wa wale mameja ukakwama Lagos. Rais Azikiwe alikuwa nje ya nchi. Tarehe 16 mawaziri waliobaki wakamkabidhi Ironsi serikali.

Tazameni alivyobanwa. Wengi wa waliopanga mauaji walikuwa Waigbo, na yeye ni Mwigbo. Maofisa waliouawa wengi wao walitoka Kaskazini na Magharibi. Mwigbo alikuwa mmoja tu, Luteni Kanali Unegbe. Kusini kulikuwa na watu waliowashangilia wale mameja kama mashujaa. Kaskazini askari walikuwa wakiwalilia makamanda wao. Ukiwapeleka mameja mbele ya mahakama ya kijeshi, Kusini kunawaka. Ukiwaachia, Kaskazini kunawaka. Ironsi akawaweka gerezani na kunyamaza. Mimi nasema ukimya ule ulikuwa uamuzi, tena mbaya kuliko yale yote mawili. Kwa askari wa Kaskazini, kila mwezi uliopita bila kesi ulikuwa ushahidi kwamba mkuu wao alikuwemo katika njama.

Juu ya kidonda hicho akaweka chumvi. Tarehe 24 Mei alitangaza Amri Namba 34, iliyofuta majimbo na kuunganisha utumishi wa umma nchi nzima. Siamini kwamba alikuwa na nia mbaya. Aliishi jeshini tangu ujana, na jeshini kuna amri moja tu. Lakini Kaskazini waliona ajira zao zinakwenda kuchukuliwa na wasomi wa Kusini, na siku chache baadaye Waigbo wakaanza kuuawa mitaani.

Akaamua kuzunguka nchi kuzungumza na wazee. Tarehe 28 Julai alikuwa Ibadan kukutana na watawala wa jadi, akalala Ikulu ya gavana wa Magharibi, Luteni Kanali Adekunle Fajuyi. Huyu Fajuyi naye alikuwa mtu wa Kongo. Ujasiri wake kule ulimpatia nishani ya Military Cross. Usiku huo maasi yalianzia Abeokuta. Asubuhi ya tarehe 29 askari waliokuja na Meja Theophilus Danjuma walikuwa wameizunguka nyumba.

Danjuma mwenyewe amesema hadharani kwamba alikwenda kumkamata Ironsi, na kwamba mambo yalimponyoka mikononi mwa askari wake. Walimuuliza jenerali habari za mauaji ya Januari. Hebu fikirieni: miezi 6 swali lile lilingoja mahakama, sasa linaulizwa na watu wenye hasira walioshika bunduki. Kuhusu Fajuyi, inasimuliwa na wengi kwamba alikataa kumtoa mgeni wake, akasema wakimchukua wawachukue wote wawili. Yeye ni Myoruba, na ugomvi ule haukuwa wake. Wote wawili walipelekwa Lalupon, nje kidogo ya Ibadan, wakapigwa, kisha wakauawa kwa risasi. Ironsi alikuwa na miaka 42 na alikuwa ametawala siku 194.

Tarehe 1 Agosti, Luteni Kanali Yakubu Gowon alitangaza kwamba ameshika uongozi. Kuhusu jenerali, serikali haikutoa tamko. Mjane na watoto walibaki bila kuambiwa kama wakae matanga au waendelee kusubiri, na kule Mashariki gavana wa kijeshi, Ojukwu, alikataa kumtambua Gowon wakati mkuu wao hajulikani aliko. Tangazo rasmi la kifo lilikuja Januari 1967. Mwezi huo huo wale wawili waliotoka pamoja katika nyumba ile ya Ibadan wakazikwa kwa heshima za kijeshi, kila mmoja kwao: Fajuyi Ado-Ekiti, Ironsi Umuahia. Kufikia Julai barabara baina ya miji hiyo miwili ilikuwa imekatwa na vita vya Biafra.