Anzia Uvunguni: Kuchagua Gari Kongwe ya Kuvuta Tela la Kulala

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama mnaotaka kukimbia.

Nimeitwa nizungumze habari ya gari kongwe na tela. Hapa Chake Chake, Pemba, mmeshasikia kuwa wapo vijana wanaotaka kuunda tela la kulala: kitanda, jiko la gesi, pipa la maji, turubai la kivuli ubavuni. Watu wakienda pwani ya Vumawimbi kuvunja jungu, karamu yetu ya kabla ya Ramadhani, wasilazimike kurudi usiku na watoto wamelala mabegani. Wavuvi wetu wanapiga dago, kambi ya pwani, tangu zama za mababu. Hawa wanataka dago lenye godoro. Na wanataka gari ya kulivuta iwe ya zamani, Land Rover au Land Cruiser za miaka ile, kwa sababu inapendeza, mgeni akiiona anaipiga picha, na fundi wa hapa hapa anaifungua bila kompyuta. Siwapingi hata kidogo.

Ila kila anayekuja kuniuliza anaanza na injini. Ina silinda ngapi? Nguvu za farasi ngapi? Itavuta? Jamani, itavuta. Unguja na Pemba zote, kilima kirefu kabisa hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Kuvuta hakujawahi kuwa tabu yetu. Tabu yetu ni mbili: kusimama, na chumvi. Gari mnayoitafuta ni ile inayoweza kusimamisha mzigo, na ambayo chuma chake hakijaliwa. Mengine yanarekebishika.

Tuanze na tela, maana watu hununua gari halafu ndio wanauliza tela lipi litaifaa. Mwenye akili hulipima tela kwanza. Na hulipima likiwa limejaa! Mtu ananiambia, "Fundi, tela langu jepesi, ni plaiwudi tu." Sawa, plaiwudi. Pipa la lita 200 za maji ni kilo 200 peke yake. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, maana mtungi wenyewe nao ni chuma. Weka godoro, sufuria za biriani, majokofu ya barafu, jenereta, mkeka, na shangazi aliyesema haji kisha akaja na mabegi mawili. Hiyo plaiwudi sasa inakaribia tani.

Waingereza, ambao mambo haya wameyafanya muda mrefu (daktari mmoja mstaafu wa jeshi lao la majini, Gordon Stables, aliundiwa nyumba ya kutembea mwaka 1885, tani mbili nzima, ikivutwa na farasi wawili), wana vipimo viwili ninavyovipenda. Cha kwanza, tela likijaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari inayolivuta ikiwa tupu. Cha pili, tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, au nusu ya uzito wa gari, kipi kidogo. Land Rover ndefu ya zamani ina uzito wa tani moja na nusu na ushei. Pigeni hesabu: bila breki za tela, mwisho wenu ni kilo 750. Zikiwepo, mnaweza kupanda hadi kilo 1,275 hivi. Mkiniuliza mimi, kwa Pemba nitabaki chini ya 750 na bado nitafunga breki kwenye tela.

Sasa uzito huo unakaa wapi? Hapa mwenye gari la ng'ombe anawashinda wenye leseni wote. Yeye anajua akirundika mzigo nyuma ya ekseli, nira inanyanyuka na ng'ombe ananing'inizwa. Akirundika mbele, anamkandamiza shingo. Tela la magurudumu mawili ni hivyo hivyo. Pua ya tela lazima ikae juu ya gari kwa uzito kiasi. Waingereza kwa tela zao nyepesi wanasema asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela. Wamarekani, wenye matela makubwa, wanasema 10 hadi 15. Pua ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, na kila mara linazidi. Likikufika hilo, usikanyage breki kwa nguvu wala usishindane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Kisha simama pembeni ulisogeze pipa la maji mbele.

Breki ndipo gari nyingi kongwe zinaposhindwa, na ndipo nitakaposema sana.

Gari za miaka ya 1950 na 1960 nyingi zina breki za drami magurudumu yote manne: ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na brekishuu zinazoibana kwa ndani. Zikiwa nzima, zinasimamisha gari vizuri. Lakini ukizishika mfululizo kwenye mteremko, drami linapata moto na kutanuka, likawa linazikimbia brekishuu. Pedali inazidi kushuka na gari haisimami. Na kumbukeni mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, mwendo umezidi mara mbili, lakini kazi ya kuizuia gari inazidi mara nne. Ongeza na tela linalokusukuma mgongoni. Ile barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete mnaijua nyote, kilima, bonde, kona, kilima tena. Unguja mtu anaweza kutoka mjini akafika Paje asijue kama breki zake ni mbovu. Pemba utajua kabla hujamaliza bonde la pili.

Jambo jingine: gari nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Paipu moja ikitoboka, iwe gurudumu lolote, pedali yote inakwenda sakafuni. Gari za baadaye zina njia mbili, moja ikifa nyingine inakupeleka nyumbani. Fungua boneti uangalie silinda kuu ya breki. Kama ni ya njia moja na unataka kuvuta tela lenye watoto wa watu, mwambie fundi akubadilishie. Wanaopenda gari iwe kama ilivyotoka kiwandani watanuna. Waache wanune.

Na upande wa tela, zipo breki zisizohitaji waya wala paipu kutoka kwenye gari. Gari inapopunguza mwendo, tela linaisukuma. Msukumo ule unabana chuma kilichopo kwenye pua, nacho kinavuta kebo ya breki za tela lenyewe. Ni kazi rahisi, fundi wetu anaielewa akiiona mara moja. Mkiteremka, tumieni gia ndogo, injini iwashikie gari, breki zibaki kwa ajili ya kusimama.

Haya, chumvi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nadhani walikuwa wanazungumza habari ya kununua Land Rover. Hivi karibuni nilikwenda na kijana mmoja kutazama gari. Juu inang'aa, viti vipya, rangi ya kijani kama majani ya mkarafuu. Nikaingia chini. Chasisi yote imepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi bado, inanata kwenye vidole. Gari ya miaka 50 yenye tumbo jeusi jipya, lazima ujiulize anaficha nini. Nikagonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele inalia vizuri, ngo, ngo. Katikati, ngo. Nilipofika kwenye ule mhimili wa nyuma unaokatiza, mlio ukabadilika, pu, pu, kama boksi la karatasi. Nikasukuma bisibisi, ikazama mpaka mpini. Nilipoichomoa, ukamwagika mchanga mweupe wa pwani umechanganyika na vipande vya kutu. Mhimili huo huo ndio unaofungiwa chuma cha kuvutia tela.

Sababu yake ni hii. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, lakini chasisi ni chuma cha kawaida kilichoungwa kama boksi. Mchanga wenye chumvi unaingia ndani ya boksi, unakaa na unyevu, na kutu inakula kutokea ndani. Nje utaona rangi nzuri. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye maji ya chumvi, kimoja kinamla mwenziwe. Kwa hiyo nendeni na nyundo, bisibisi na tochi. Muuzaji akikataa gari yake isigongwe, mshukuruni, amewapunguzia kazi.

Sasa majina, maana najua ndiyo mnayoyasubiri.

Land Rover ilianza 1948, ile iitwayo Series III ikatoka 1971 hadi 1985. Injini ya petroli ya silinda nne, lita 2 na robo, farasi 70 na kitu; polepole lakini haina makuu. Udhaifu wake ukiizidishia mzigo ni shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, zinakatika. Ukiondoka kwenye mchanga na tela, achia klachi taratibu, usiishtue. Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa 1960 hadi 1984, ina silinda sita za petroli, lita 3.9 na baadaye 4.2, inavuta kwa raha na inakunywa kwa raha. Ya dizeli ya lita 3, iliyoanza 1974, ndiyo ningeichagua mimi kwa kazi hii. Bodi yake ni chuma, kwa hiyo kutu mtaiona juu pia, na kwangu hiyo ni faida: inaonekana.

Peugeot 404, najua mzee mmoja hapa ana mapenzi nayo. Ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Lakini haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo chasisi. Tela dogo jepesi, sawa, lisilozidi nusu tani. Zaidi ya hapo utainyoosha kama bazoka ya ubani.

Petroli na umeme nitapita haraka. Injini za petroli za zamani zilizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo eneo letu la Afrika liliiacha kufikia 2006. Chini ya mzigo, viti vya valvu vinalika, basi fundi akifungua silinda hedi aweke viti vigumu. Na Land Rover za kabla ya 1967 hivi nyingi zimefungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha gari za leo. Ukiziunganisha na tela lenye taa za kisasa bila kujua hilo, utanuka moshi.

Kuna swali limeandikwa hapa: tela likae wapi pwani? Juu ya alama ya bamvua, yale maji makubwa, si ya maji mafu yanayopanda kidogo. Maji yetu bamvua yanapanda na kushuka kama mita nne. Gari ikizama kwenye mchanga saa kumi jioni na maji yanajaa, hamtakuwa na muda wa kutafutana. Punguzeni upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani, za gari na za tela pia, watu huzisahau za tela. Mkirudi, osheni uvungu kwa maji baridi ya bomba siku ile ile, na mpira wa maji muuingize kwenye matundu ya chasisi mpaka yatoke masafi.

Maswali mengine tutajibiana chini ya gari. Kuna Land Rover ya mzee mmoja imeegeshwa hapo nje, ameruhusu igongwe. Nyundo ninayo, aliyekuja na kanzu nyeupe asimame mbali atushikie tochi.