Kura za Thrissur Zilienda Wapi? Nilichokiona Kerala

Assalaam aleikum ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo zenu. Hiyo mnayoisikia ni mvua juu ya bati, naomba mnivumilie. Masika ya huku yameingia wiki iliyopita, na leo ni tarehe 5 Juni 2024, siku moja tangu matokeo ya uchaguzi wa bunge la India yatoke.

Wengi mmeniuliza, Modi kashinda au kashindwa? Chama chake, BJP, kimepata viti 240 kati ya 543. Kuunda serikali kunataka 272, kwa hiyo safari hii anawategemea washirika, na wote pamoja wamefika 293. Hilo mmeshalisikia kwenye taarifa ya habari. Mimi nataka tuzungumze habari za hapa ninapoishi, mji wa Thrissur, Kerala.

Kwanza, neno jimbo lisituchanganye. Nikisema jimbo la Kerala nina maana ya nchi ndogo ndani ya India, yenye bunge lake na serikali yake. Lile jimbo letu la kumchagua mbunge nitaliita kiti. Kerala ina viti 20 kwenye bunge la Delhi. Huku walipiga kura tarehe 26 Aprili, awamu ya pili kati ya saba, kisha mashine za kura zikakaa chini ya ulinzi wiki tano na zaidi kungoja wengine wamalize. Matokeo ya jana: chama cha Congress na wenzao viti 18, Wakomunisti kimoja, BJP kimoja. Hicho kimoja cha BJP ni hiki cha Thrissur, na haijawahi kutokea tangu Kerala iwe Kerala kwamba chama hicho kinapeleka mbunge Delhi kutoka huku.

Hapa kuna jambo lililonisumbua miezi mizima. Kitaifa, Congress na Wakomunisti ni washirika, wamo kwenye muungano mmoja wa kumpinga Modi. Lakini Kerala hawapikiki chungu kimoja, maana Wakomunisti ndio wenye serikali ya jimbo, chini ya Pinarayi Vijayan, na Congress ndio upinzani wao. Rahul Gandhi mwenyewe, kigogo wa Congress, alipogombea kiti cha Wayanad hapa Kerala, Wakomunisti walimsimamishia Annie Raja. Rahul kamshinda kwa kura zaidi ya 364,000. Sasa panda basi hapa Thrissur, nenda Coimbatore, mwendo wa saa tatu hivi. Ukishavuka mpaka pale Walayar umeingia Tamil Nadu, na huko bendera ya nyundo na mundu ya Wakomunisti na ile ya mkono ya Congress zimefungwa kwenye gari moja la kampeni.

Kwa hiyo jana, kabla hata hesabu haijaisha, kila mtu mtaani alikuwa na jibu moja: wamegawana kura, ndiyo maana. Dereva wa bajaji kasema hivyo, wanafunzi wenzangu wamesema hivyo. Na ni kweli ukijumlisha. Suresh Gopi wa BJP, mwigizaji filamu anayejulikana Kerala nzima, kapata 412,338. Sunil Kumar wa chama cha Kikomunisti cha CPI, 337,652. Muraleedharan wa Congress, 328,124. Wawili hawa kwa pamoja wamemzidi mbali sana. Sisi tunaijua hesabu hii, tumeiimba nyumbani Tanzania kila baada ya uchaguzi.

Lakini chukueni na ya mwaka 2019. Mwaka ule nao waligombea watatu, vyama hivyo hivyo, na kura ziligawanyika vile vile, ila Congress walipata zaidi ya 415,000 na Suresh Gopi akawa wa tatu. Safari hii Wakomunisti wameongeza kidogo. Congress wamepoteza karibu 87,000. Gopi kaongeza zaidi ya 118,000. Huko si kugawana, ndugu zangu. Kura zimehama. Na anayesema wamegawana tu anajinyima kujiuliza zimehama kwa nini.

Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Kuna ukuta njiani ninapokwenda kuchukua maziwa. Februari ulikuwa umeandikwa jina la Prathapan, mbunge wa Congress aliyekuwepo, na mkono mkubwa umechorwa pembeni. Machi nikakuta umepakwa chokaa na limeandikwa Muraleedharan. Chokaa yenyewe nyepesi, jina la mwanzo linaonekana chini yake. Dada yake Muraleedharan, Padmaja, alikuwa amehamia BJP mwezi huo huo. Na hawa ni watoto wa Karunakaran, mzee aliyekuwa waziri kiongozi wa Kerala mara kadhaa kwa tiketi ya Congress! Ndipo chama kikamtoa kaka kwenye kiti chake cha Vadakara, kikamleta hapa kupambana, kampeni imeshaanza. Mpiga kura anapita pale kila siku anausoma ule ukuta.

Halafu likaja la Pooram. Hii ndiyo sikukuu kubwa ya Thrissur, tembo wamepambwa, ngoma mamia kwa mamia mbele ya hekalu la Vadakkunnathan. Mwaka huu iliangukia tarehe 19 Aprili, wiki moja kabla ya kura. Polisi wakabana njia, waandaaji wakasusa, na fataki za usiku wa manane zikaja kupigwa jua limeshatoka. Fataki mchana! Watu waliumia moyoni, na polisi ni wa serikali ya jimbo, yaani ya Wakomunisti.

Lakini kwangu kubwa kuliko yote ni mama mwenye nyumba wangu. Ni mjane, Mkatoliki, sote tunamwita Ammachi. Thrissur ina Wakristo wengi, na Januari Gopi alipeleka taji la dhahabu kwa Bikira Maria kwenye kanisa kuu la Lourdes. Watu wakabishana wiki nzima juu ya dhahabu iliyomo. Nikamuuliza Ammachi kama ni taji lililomfanya ampigie Gopi. Akakasirika. Akasema, maisha yangu yote nimepigia mkono. Huyu alianguka 2019, akaanguka tena 2021 kwenye bunge la jimbo, na bado alikuwa anakuja. Wengine nawaona kampeni zikianza.

Sitaki mdhani mji mzima ulikuwa kwenye ngoma jana. Muuza nyama ninayenunua kwake, Mwislamu mwenzangu, alifunga mapema. Kura yenyewe ilipangwa Ijumaa, viongozi wa Kiislamu wakaomba tarehe ibadilishwe kwa ajili ya swala, haikubadilishwa. Yeye anawasikiliza wanasiasa wa BJP kaskazini wanavyowasema Waislamu, na anajiuliza kiti hiki kimoja ni mwanzo wa nini. Nilikaa naye kidogo kibarazani. Sikuwa na la kumwambia.

Na ninyi mlioko Muscat, Dubai na Doha, mnawajua Wamalayali, watu wa huku Kerala, mnafanya nao kazi. Sheria ya India inamruhusu aliyeko nje kujiandikisha, lakini kura lazima aje aipige kituoni kwake. Basi wanapanda ndege! Aprili watu walirudi kutoka Ghuba kwa makundi, wakapiga kura, wakaondoka. Mimi hilo liliniuma, kwa sababu uchaguzi wetu Tanzania ni mwakani, na nikiwa huku sina pa kupigia kura. Wakenya wenzetu angalau rais wanamchagua kwenye balozi chache. Nimeanza kuweka akiba ya nauli.

Kijana wa Ammachi yuko Ruwi, Muscat, dukani. Alikuja siku nne tu. Alipanga foleni na mama yake kwenye joto kali, na nyumbani wakanionyesha vidole vyao vya kushoto vyenye ule wino mweusi. Ammachi alinieleza kile kikaratasi kinavyotokea nyuma ya kioo cha mashine ya kura, sekunde saba, unaona uliyemchagua, kisha kinadondoka. Alihesabu kimoyomoyo hadi saba.

Jana usiku kijana kapiga simu ya video. Yeye alipigia mkono. Mama ameshasema wazi alimpigia nani. Nje baruti za BJP zinalia. Kijana akasema, Amma, nionyeshe kidole. Ammachi akakisogeza karibu na simu: kwenye ngozi wino umekwisha, ila juu ya ukucha mstari upo bado, umepanda na ukucha. Naye akaonyesha chake, uko vile vile. Wakatazamana hivyo kidogo, kisha mama akamuuliza kama ameshakula.