Bunduki ya Kwanza ya Kuwinda Wanyama Waharibifu: Mhadhara Uliotolewa Nakuru

Mabibi na mabwana, wazazi wetu, na nyinyi vijana mnaojiandaa kusafiri, hamjambo.

Nianze na jambo litakalowavunja moyo baadhi yenu. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 bado inauhesabu kuwa kosa. Nyani wakivamia mahindi yako Rongai, au fisi akila mbuzi wako Gilgil, unawaita KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Na fuko anayemaliza viazi vya watu wa Molo, huyo hata ungeruhusiwa bunduki usingempata. Dawa yake ni mtego.

Kwa hiyo ninayosema leo ni ya Marekani. Watoto wetu wanakwenda huko kwa masomo na kwa mbio, wengine wanaangukia Wyoming, Texas au New Mexico, na kule kumpiga koyote anayekula ndama, au kindi wa ardhini anayetoboa malisho, ni shughuli ya kawaida ya Jumamosi. Utaalikwa. Ukipenda, utataka bunduki yako.

Kabla ya duka, tazama viza. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda, wanafunzi wakiwemo, kumiliki au hata kushika bunduki au risasi. Kuna misamaha michache, na unaotumika sana ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi hafungwi na katazo hilo. Dukani utajaza fomu ya 4473, na kuidanganya fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kukurudisha nyumbani. Umri wa kununua bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 18 kwa sheria ya taifa, lakini majimbo mengine yameongeza masharti. Uliza jimbo lako, usimuulize rafiki yako.

Sasa bunduki yenyewe. Wanaoanza hukosea kwa kuanzia kwenye bunduki. Anza na mnyama, kisha umbali, kisha risasi. Bunduki ije mwisho. Kindi wa ardhini ni mdogo, hukaa wengi pamoja, na utapiga risasi nyingi kwa siku moja. Koyote ni wa ukubwa unaokaribia bweha wetu, ana manyoya mengi yanayodanganya macho, na siku nzima huenda ukafyatua mara moja tu. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Chini kabisa kwa nguvu kuna risasi ya .22 Long Rifle. Ni ya bei nafuu, haina teke, yaani haikusukumi begani, na kwa kujifunza sijaona inayoishinda. Lakini kichwa chake cha risasi cha greni 40, yaani gramu 2.6, hutoka kwa takriban mita 370 kwa sekunde, na baada ya yadi 100 kinashuka haraka mno. Tena ni risasi butu ya polepole ambayo hudunda kwenye jiwe au ardhi ngumu na kuendelea na safari. Juu yake kuna .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002. Hii hurusha greni 17 kwa karibu mita 777 kwa sekunde, hunyooka vizuri hadi yadi 150 hivi, na hupasuka inapogonga badala ya kudunda. Udhaifu wake ni upepo.

Halafu kuna .223 Remington, na hapa sitazunguka: kwa anayenunua bunduki moja ya kwanza, chukua hii. Greni 55 kwa karibu mita 980 kwa sekunde, inatosha kindi na inatosha koyote, teke lake ni dogo kiasi kwamba unaona kwenye darubini risasi imetua wapi, na risasi zake zinapatikana karibu kila duka. Watu watakusukuma ununue .22-250 kwa sababu ina kasi zaidi. Ni kweli ina kasi. Pia inachoma baruti greni 35 hivi kila mara, pale .223 inapotumia takriban 25, na tofauti hiyo inaishia kuwa joto kooni mwa mtutu, mbele tu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ukiipeleka kwenye kindi ukafyatua mfululizo, utaumaliza mtutu kabla hujajifunza kupiga. Kasi haimsaidii mtu asiyejua kusoma upepo.

Kuna mtego mmoja katika .223. Risasi ya jeshi ya 5.56 inafanana nayo kwa nje na itaingia chembani bila shida. Usiifyatue kwenye bunduki iliyoandikwa .223 peke yake. Shinikizo la 5.56 ni kubwa zaidi na koo la chemba yake ni refu zaidi. Ukizichanganya, shinikizo linapanda kupita lililokusudiwa. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, si maneno ya muuzaji.

Na ukiwa hapo kwenye mtutu, tafuta namba nyingine: 1:12, 1:9, 1:8 au 1:7. Hiyo inakuambia mifereji ya ndani inaizungusha risasi mara moja kamili kwa kila inchi ngapi. Wengi hulipia bunduki bila kuitazama, kisha wanalaumu darubini. Mtutu wa 1:12 unatuliza vichwa vya hadi greni 55 hivi. Ukiweka cha greni 69 kitayumba hewani, na kwenye karatasi utaona tundu refu, kama la ufunguo, badala ya duara. Mtutu wa 1:7 unafanya kinyume: kichwa chepesi chenye ganda jembamba kinaweza kuzungushwa kupita kiasi kikasambaratika njiani. Kwa kazi hii 1:9 au 1:8 ndiyo salama. Kinachodai mzunguko ni urefu wa kichwa, uzito tunautumia kama kipimo cha haraka tu. Vichwa vya shaba tupu ni virefu kuliko vya risasi-madini vya uzito uleule, kwa hiyo vinataka mzunguko wa kasi zaidi. Hilo litakuhusu ukienda California, ambako tangu Julai 2019 uwindaji wote unatakiwa kutumia risasi zisizo na madini hayo.

Aina ya bunduki: ya bolti, yaani ile unayoipakia kwa kuvuta komeo kwa mkono kila unapofyatua. Mtutu mnene huchelewa kupata joto na hutulia vizuri, lakini pamoja na darubini utabeba kilo 4 na nusu au 5. Kama utaketi kwenye benchi ukingoni mwa malisho, sawa. Kama utapanda na kushuka vilima ukimwita koyote, utaulaani. Kitako kiwe cha mbao au plastiki, mradi sehemu yake ya mbele isiguse mtutu: pitisha karatasi katikati yao, ikikwama, joto litausukuma mtutu pembeni.

Darubini iwe angalau nusu ya bajeti nzima. Ukuzaji wa 4 hadi 12, au 4 hadi 16, unatosha, na iwe na kirekebishi cha paralaksi, yaani ile hali ya msalaba kuonekana unahama jicho lako likisogea. Juu ya hapo, mchana wa jua utaona mvuke wa joto unacheza na si mnyama. Pete za kuishikia zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na namba ya mtengenezaji. Bunduki inayopiga kushoto leo na kulia kesho, mara nyingi skrubu zake zimelegea.

Kulenga kwa mara ya kwanza, fanya hivi. Weka karatasi yadi 25. Toa bolti, tuliza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu hadi katikati ya karatasi iwe katikati ya tundu, kisha bila kuisogeza bunduki leta msalaba wa darubini hapohapo. Rudisha bolti, piga tatu. Darubini nyingi husogea robo inchi kwa kila mbofyo kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 25 utahitaji mibofyo 16 kusogea inchi moja. Hapo ndipo watu hupotea: wanabofya 4, hawaoni mabadiliko, wanasema darubini ni mbovu. Nenda yadi 100, piga tatu, pima kutoka katikati ya kundi la matundu na si kutoka kwenye tundu moja zuri. Kwa .223, liache kundi inchi moja na nusu juu ya shabaha. Utakuwa sawa kwa yadi 200, na kwa 300 risasi itakuwa imeshuka karibu inchi 7. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa utaisogeza inchi 8 hadi 10 kwa umbali huohuo wa 300. Kindi mwenyewe hana upana huo.

Baada ya risasi 10 za haraka, fungua bolti, acha mtutu upoe. Ukishindwa kuushika kwa kiganja, umechelewa kupumzika.

Nyuma ya mnyama pawe na udongo, siku zote. Anayesimama juu ya kilima na anga nyuma yake haguswi. Usiwashike kindi kwa mikono mitupu. Viroboto vyao hubeba tauni huko magharibi ya Marekani. Na uulize aina gani zinalindwa, maana ziko zinazolindwa.

Mwisho, kwa mnaorudi nyumbani likizo. Begi ulilobebea vifaa vya kuwindia usipakie nguo ndani yake kuja Kenya. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, hata kama bunduki yenyewe umeiacha Wyoming. Lipindue, likung'ute, pitisha vidole kwenye kila mshono, au safiri na begi jingine.