Jalidi inapiga usiku wa leo: jinsi ya kuziokoa pilipili zako

Karibuni jamani, leo nipo bustanini hapa Minnesota na tuna kazi ya haraka kidogo, maana simu inasema kesho alfajiri itashuka mpaka digrii 34 za Fahrenheit, kama 1 hivi ya Selsiasi, na huko juu angalieni, hakuna hata wingu moja. Hii ni mwisho wa Septemba, jalidi, yaani ile barafu ya usiku inayoganda kwenye majani, imewahi. Na nyie mnaolima huku mnajua inavyouma, pilipili mbuzi unaisia mbegu ndani ya nyumba mwezi wa 3, unaitoa nje mwisho wa mwezi wa 5, majira yote unaibembeleza, sasa ndo imebeba vizuri namna hii halafu usiku mmoja unataka kufuta kila kitu. Ila ukiuvuka huo usiku, mara nyingi joto linarudi na unapata wiki mbili hata tatu za kuvuna, ndo maana nasema inafaa kuhangaika.

Kwanza simu yako. Usingoje iandike 32, pale maji yanapoganda, ndo uanze kukimbia. Kile kipimo cha hali ya hewa kinakaa juu, kama mita moja na nusu au mbili kutoka chini, na hewa ya baridi ni nzito, inalala chini, kwa hiyo simu inaweza kukuambia 36 huku majani ya chini yameshapigwa barafu. Mimi nikiona 38 kushuka chini, anga jeupe na upepo umetulia, nafunika. Kukiwa na mawingu au upepo unavuma hatari inapungua, kwa sababu mawingu yanazuia joto la ardhi lisipotee juu na upepo unaichanganya hewa. Na ukiona tangazo la Frost Advisory (tahadhari ya jalidi) au Freeze Warning (onyo la baridi ya kugandisha) kwa kaunti yako basi hapo hakuna mjadala. Mkitaka uhakika wekeni kipimajoto cha bei rahisi pale chini kwenye shamba lenyewe, mtashangaa tofauti yake na simu.

Sasa hili ndo naomba mlishike, shuka halina joto. Watu wanafunika halafu asubuhi wanakuta miche imekufa wanasema aa kufunika hakusaidii. Joto lipo kwenye udongo, jua limeupasha mchana kutwa na usiku udongo unalitoa polepole kwenda juu, kazi yako ni kulizuia tu lisitoroke. Ukielewa hapo, hatua zote zinazofuata zinajieleza zenyewe.

Hatua ya kwanza ni mchana, maji. Mwagilieni udongo vizuri, chini kwenye shina, majani yaacheni makavu. Udongo wenye unyevu unabeba joto jingi kuliko udongo mkavu. Na kama mmetandaza majani makavu chini ya miche kama mimi hapa, yasogezeni pembeni kwa leo, naona wengi hawalijui hili, yale matandazo yanazuia jua lisiupashe udongo na usiku yanazuia joto lisipande kwenye mche. Angalieni, natoa hivi kwa mkono, udongo unabaki wazi, basi, kesho kutwa tunarudisha.

Mkishamaliza hapo vuneni, zile zote zilizoiva na zile zilizoanza kubadilika rangi. Hii hapa mnaiona ina doa la chungwa ubavuni, hii ukiiweka mezani jikoni inamaliza kuiva yenyewe. Zile za kijani ambazo zimeshafika ukubwa wake na ngozi imekaza zinaliwa vizuri tu. Vile vidogo laini hivi viacheni kwenye mti, ukivichuma haviivi, ndo hasa tunavyovipigania usiku huu.

Haya, kufunika. Muda ni saa 10 jioni mpaka saa 12, jua bado lipo, msisubiri giza maana joto lenyewe litakuwa limeshaanza kuondoka. Chomekeni vijiti vinne kuzunguka mche, virefu kuuzidi mche kidogo, ili kitambaa kisilalie majani. Jani linaloguswa na kitambaa linapigwa baridi palepale lilipogusa. Kisha tupieni shuka, blanketi jepesi, au kile kitambaa cheupe cha bustani kinachouzwa kwa mita. Na hapa mniangalie vizuri, shuka lazima lifike chini kabisa pande zote, alafu mnaweka mawe au matofali kwenye pindo, kama unavyochomeka chandarua chini ya godoro usiache hata upenyo. Msilifunge kwenye shina! Naona picha nyingi sana watu wamefunga mfuko kwa kamba kwenye shina, hapo joto la udongo limebaki nje na mche upo ndani peke yake, umejisumbua bure.

Plastiki? Plastiki peke yake siipendi, inapitisha baridi haraka na ikigusa jani, jani limekwisha. Ila juu ya shuka ni nzuri, inazuia upepo na inalifanya shuka lisilowe umande, maana shuka lililolowa ni zito linavunja matawi.

Kama simu inasema 30 au 29 ongezeni joto la ziada ndani. Chukueni yale madumu ya maziwa ya galoni, yajazeni maji ya moto, wekeni mawili au matatu kati ya miche kabla hamjashusha shuka, maji yanapoa polepole usiku kucha na hilo joto linabaki humo humo. Au zile taa za Krismasi za zamani zenye balbu zinazochemka, za kutumia nje, zizungusheni chini kwenye matawi bila kugusa kitambaa. Za LED hazisaidii, hazina joto la maana. Na nawasihi kabisa ndugu zangu, mtu asiweke jiko la mkaa chini ya shuka wala kwenye kile kibanda cha plastiki, ni moto na ile hewa ya mkaa inaua, hakuna pilipili yenye thamani hiyo.

Ikisema 28 kushuka chini kwa saa kadhaa, hapo shuka lako halitoshi. Vuna kila kitu. Au ng'oa mti mzima na mizizi yake, kung'uta udongo, uning'inize kichwa chini kwenye gereji au besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, isiyo na baridi kali, zile zilizokomaa zitaendelea kuiva taratibu hapo hapo.

Asubuhi sasa. Baridi kali kuliko zote ni pale jua linapochomoza, kwa hiyo usikurupuke saa 11 alfajiri kufunua, subiri jua lipige na barafu juu ya shuka iyeyuke, saa 3 asubuhi hivi. Lakini ufunue, hasa kama kuna plastiki, chini ya jua la mchana miche itaungua. Pitisha mkono kwenye majani. Jani lililopona limesimama na ni gumu kidogo, lililopigwa linakuwa la kijani cha giza kama limelowa maji, linalegea, jioni limeshakuwa jeusi. Yakiwa ni ya juu tu msikate leo, acheni yafunike ya chini, usiku wa pili unaweza kuwa unakuja. Pilipili yenyewe ikiwa na sehemu laini yenye majimaji chuma utumie siku hiyo hiyo, haikai.

Hizo mlizovuna msizisukumie kule nyuma kabisa kwenye frija panapoganda, pilipili inapenda digrii 45 mpaka 50, wekeni droo ya mboga. Zikizidi osheni, zikausheni maji, zitieni friza nzima nzima, hazihitaji kuchemshwa kwanza.

Na mwenye pilipili kwenye ndoo wewe una bahati, ingiza ndani usiku huu huu. Kwao kwenye joto mpilipili unaishi miaka, siyo wa msimu mmoja, kwa hiyo ukiupogoa ukaubakiza matawi mafupi, ukauweka dirishani na kumwagilia kidogo tu, mwezi wa 5 unautoa nje tena. Ila kabla haujavuka mlango geuza majani uangalie kwa chini, kama kuna vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, waoshe kwa maji ya sabuni huko huko nje, wakiingia ndani watahamia kwenye maua yako yote.